SATA au NVMe? Naunga kompyuta ya kueditia video za harusi, nisaidieni kabla sijatoa hela

MpigaKamera_Moro

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela maana hela yenyewe ni ya advansi za harusi mbili za mwezi ujao, nikikosea hapa nimekwisha.

Nipo Morogoro, kazi yangu kushuti na kuediti video, harusi, sendofu, kipaimara, hata vikao vya vikoba wakiita naenda. Miaka minne yote naeditia laptopu ya gen 4 (kizazi cha prosesa) yenye HDD ya 1TB ile ya mzunguko 5400 na ni mateso matupu, ukigusa taimlaini inaganda, unaenda kununua chapati unarudi bado inafikiria. Sasa naunga ya mezani. Orodha mpaka sasa: prosesa Ryzen 5 5600G (kadi ya picha sina hela yake kwa sasa), mazabodi ya B550, RAM 32GB, pawa saplai ya wati 550.

Kilichonichanganya ni diski. Jana nilishinda Kariakoo. Duka la kwanza wakasema chukua SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ya SATA, ile ya kiboksi cha inchi 2.5, inatosha. Duka la pili jamaa akanitolea kadude kembamba kama bigijii akasema hii ndo M.2, ndo mpya. Duka la tatu naye ana kadude hako hako, kwa macho yangu mimi hakuna tofauti, ila bei karibu mara mbili, anasema hii NVMe Gen 4, MB 7000 kwa sekunde, za hao wengine feki. Nikamuuliza sasa M.2 na NVMe zinatofautianaje, akanijibu "bosi M.2 ni M.2 tu". Nikaondoka zangu.

Kwa hiyo: nichukue ipi? Kamera zangu ni Sony mbili, nashuti 4K ya 100 Mbps. Ninazo pia HDD mbili za zamani za SATA za 2TB, nataka nizihamishie humo ndani, zitakubali? Na la mwisho, marehemu baba alikuwa na studio, kaacha diski moja ina ule mkia mpana wa pini nyingi, nadhani IDE, ina harusi za watu za 2005, 2006 huko. Kuna namna ya kuifungua kwenye kompyuta mpya?

Nawasilisha.

kipanga_wa_gemu

NVMe mkuu, nenda Gen 4 usiangalie nyuma. SATA waachie wazee wa kikao.

FundiBaraza

Mkuu hapo juu anakupa jibu la kijiweni. Ngoja tuweke sawa majina kwanza maana wenye maduka wamekuchanganya, na sidhani kama wamefanya makusudi, wengi wao wenyewe hawajui wanauza nini.

M.2 ni umbo. Basi. Ni kama chupa ya soda, unaweza kukuta ndani yake asali, unaweza kukuta mafuta ya taa, chupa ile ile. Kale kadude ulikoona kana upana wa milimita 22 na urefu 80, ndo maana kwenye boksi wanaandika 2280. SATA na NVMe ni njia ya diski kuongea na kompyuta, na ndani ya umbo hilo kuna M.2 za SATA na kuna M.2 za NVMe. Ya SATA inapita njia ile ile ya kiboksi cha inchi 2.5, spidi ile ile, imevuliwa koti tu. Ya NVMe inapita njia za PCIe, zile zile zinazotumiwa na kadi ya picha, inaongea na prosesa bila kupitia kwa mtu.

Kuzitofautisha angalia mikato kwenye meno ya dhahabu. M.2 ya SATA mara nyingi ina mikato miwili, kushoto na kulia. NVMe nyingi zina mkato mmoja. Ila usiapie kwa hilo, zipo NVMe za njia mbili zenye mikato miwili, soma stika. Ikiandikwa NVMe au PCIe sawa, ikiandikwa SATA 6Gb/s basi ni SATA hata muuzaji alie machozi.

Spidi sasa. SATA III ilitoka 2009 na haijaongezeka mpaka leo, gigabiti 6 kwa sekunde. Watu wanagawa kwa 8 wanapata 750, hapana, kuna biti zinazoliwa njiani kwa ajili ya usimbaji, kila biti 10 zinazosafiri mzigo ni 8, kwa hiyo mwisho wake ni MB 600 na uhalisia ni kama 550. NVMe ya Gen 3 (kizazi cha tatu cha PCIe, yaani PCIe 3.0) yenye njia nne inafika kama 3500, Gen 4 kama 7000, Gen 5 inapita 10000 huko lakini hiyo sahau, inachemka kama pasi.

Kingine ambacho watu hawakisemi ni foleni. SATA inatumia utaratibu wa AHCI uliobuniwa enzi za diski za kuzunguka, foleni moja ya maombi 32. Piga picha stendi yenye dirisha moja la tiketi. NVMe imetengenezwa kwa ajili ya SSD tangu mwanzo, toleo la kwanza 2011, inaruhusu foleni zaidi ya elfu 60 na kila moja inabeba maombi zaidi ya elfu 60. Sasa wewe mtu mmoja na kompyuta yako hutazijaza hizo foleni hata siku moja, hiyo ni raha ya watu wa seva, ila ndo ujue kwa nini kitu kinaitwa tofauti.

HDD zako za 2TB zitakubali bila shida. SATA ya zamani na mpya zinaelewana, hata kama diski yako ni ya SATA II. HDD yenyewe inasoma MB 150 mpaka 200 hivi ikiwa kwenye raha zake, haijazi hata SATA II, kwa hiyo usije ukadanganywa ununue kebo ya "SATA III spesho". Kebo ni kebo.

Dada_Taimlaini

Namuunga mkono FundiBaraza ila naomba niongee kama mtu anayekula kupitia kazi hii hii. Niko Arusha, naediti mwaka wa nane huu.

Kaka yangu wa Moro, kabla hujauliza njia ipi ina kasi, uliza mzigo wako una uzito gani. Kamera yako inarekodi 100 Mbps. Hizo ni megabiti. Gawa kwa 8 unapata MB 12.5 kwa sekunde. Kamera mbili kwenye taimlaini kwa pamoja ni MB 25. Ishirini na tano! SATA inakupa 550. Yaani ungekuwa na kamera kumi bado SATA haijatoka jasho. Hiyo 7000 ya duka la tatu ni kununua Fuso la tani kumi kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Sasa utauliza mbona HDD yangu inaganda na yenyewe ina MB 100. Inaganda kwa sababu ya kichwa cha kusomea. Kinatembea. Hii klipu iko huku, ile ya kamera ya pili iko kule, sauti iko kwingine, programu inataka pia kuandika kashe (mafaili yake ya muda) na vile vipicha vidogo, Windows nayo chinichini inajisasisha, kichwa kinakimbia huku na huko kama konda wa daladala, na kila safari kinasubiri sahani izunguke mpaka sehemu yake ifike. Hata ile ya mzunguko 7200 kusubiri tu ni milisekunde 4 na kitu kwa wastani, bado safari yenyewe ya kichwa. SSD haina kichwa, haina sahani, hata hiyo ya SATA unayoambiwa ni ya wazee inajibu mara makumi zaidi ya HDD. Kutoka HDD kwenda SSD yoyote utalia kwa furaha. Kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe kwa kazi yako wewe utaona tofauti siku ya kukopi mafaili makubwa toka diski kwenda diski, basi.

Na hapo kwenye kukopi nikuambie, memori kadi yako. Hizi SD za kawaida za UHS-I kikomo chake ni MB 104 kwa sekunde, uhalisia labda 90. Harusi moja, kamera mbili, kila moja saa tatu za picha, ni 45GB kwa saa kwa kamera, jumla 270GB. Kwa 90 ni dakika 50, na itakuwa dakika 50 hizo hizo hata ukimimina kwenye NVMe ya Gen 5 maana mlango mwembamba uko kwenye kadi.

Sasa angalia hiyo 270 tena. 1TB yako inajaa harusi tatu, ya nne unaanza kufuta. Shida yako wewe ni nafasi, na pesa ya kuongeza spidi usiyoitumia ndo pesa ya terabaiti ya pili.

Taimlaini ikiendelea kuganda hata ukiwa na SSD jua ni prosesa inahangaika kufungua H.264 (mbano wa video zako), hapo dawa ni proksi, nakala nyepesi za kueditia. Kinachohitaji diski kali kweli ni video zisizobanwa sana, mfano ProRes 422 HQ ya 4K kwa fremu 25 ni kama Mbps 737, MB 92 kila mkondo mmoja, ukiweka mitano sita ndo SATA inaanza kukohoa. Wewe hauko huko bado.

kipanga_wa_gemu

Sawa dada nimekoma 😂 ila kwa gemu je?

Dada_Taimlaini

Kwa gemu nyingi ni sekunde chache tu za kufungua. Ila PS5 ukitaka kuongeza diski ndani lazima NVMe ya Gen 4, hiyo haina mjadala, wameandika wenyewe. Turudi kwenye harusi.

mkubwa_wa_Luthuli

Sasa wakuu, salamu kutoka Nairobi. Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna mtu ameona kitu moja hapo kwa orodha. Jamaa anachukua 5600G. Hiyo prosesa iko na shida moja, haina PCIe 4.0 kabisa, ni 3.0. Ni familia ya zile za laptopu zenye picha yao ndani. 5600 bila G na 5600X ndizo ziko na 4.0. Kwa hivyo hata ukinunua mazabodi ya B550 na watu wanakuambia B550 ni Gen 4, hiyo Gen 4 ya sloti ya kwanza inatoka kwa prosesa, si kwa mazabodi. Ukiweka G pale, imeshuka ikawa Gen 3. Na sloti ya pili ya M.2 kwa B550 inatoka kwa chipseti (chipu ya mazabodi yenyewe), hiyo ni Gen 3 tangu ikizaliwa.

Maana yake buda, hiyo diski ya 7000 ukiiweka kwa mashini yako itakupea 3500. Haitaharibika, itafanya kazi fiti tu, lakini utakuwa umelipia lami ya njia nane halafu unatembea kwa njia nne. Mimi nilijipata hivyo hivyo, nikakaa wiki mbili nikidhani nimeuziwa feki, nikarudi kwa muuzaji na hasira, kumbe ni mimi. Nikamnunulia soda.

MpigaKamera_Moro

Duh. Duh duh duh. Huyo wa duka la tatu alisoma orodha yangu yote kwenye simu akasema "umechagua vizuri bosi". Kumbe.

Sasa nibadilishe prosesa nichukue 5600 isiyo na G?

FundiBaraza

Usibadilishe. Isiyo na G haitoi picha, skrini itabaki nyeusi mpaka ununue kadi ya picha, na wewe kadi huna. Baki na G, kadi utanunua msimu wa harusi ukichanganya. Na nakiri hiyo ya G mimi iliniponyoka kabisa, nilisoma harakaharaka nikaona 5600 nikapita. Mkubwa wa Luthuli heshima yako.

Kuhusu kununua: siku hizi Gen 3 mpya zinaanza kuadimika, ukikuta Gen 4 ya kawaida bei inakaribiana na Gen 3 chukua tu Gen 4, siku ukibadilisha prosesa itafunguka. Ila usiongeze pesa kwa ajili ya hiyo namba 7000. Na M.2 ya SATA usinunue kabisa hata ikiwa rahisi, ina spidi ya kiboksi halafu inakukalia sloti ya NVMe, na mazabodi nyingi mpya sloti zake hata hazikubali M.2 ya SATA, utachomeka na BIOS (programu ya mazabodi ya kuwashia kompyuta) itakuangalia tu. Hiyo inamfaa mwenye laptopu ya zamani yenye sloti ya aina hiyo.

Nyie mnaosoma kimyakimya wenye zile mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, gen 2, gen 3, hata gen 4 nyingi (hapa ni gen za prosesa, si za NVMe), msikimbilie NVMe. Kuna adapta ya kuchomeka kwenye PCIe na Windows itaiona kama diski ya kuhifadhia, lakini kuwashia hapo BIOS nyingi za enzi hizo hazijui NVMe ni mnyama gani. Chukueni kiboksi cha SATA mlale.

Shangazi_wa_Seva

Habari zenu wanangu. Mnagombania njia mnasahau kilicho ndani ya diski yenyewe. Nimekaa na seva muda mrefu, naomba niseme mawili tu.

Moja, chipu. Kuna TLC, inayobana biti tatu kwenye chembe moja, na kuna QLC. QLC inabana biti nne kwenye chembe moja, rahisi, nafasi kubwa, lakini kuandika ni pole. Wanaficha upole huo kwa kutenga sehemu ya kashe ya haraka, ikijaa ndo unaona rangi halisi. Samsung 870 QVO ya 1TB kwa mfano, kwenye karatasi zao wenyewe kashe ni 42GB, ikijaa inaandika MB 80 kwa sekunde. Themanini! HDD inaipita. Na wewe mwanangu unamimina 270GB kwa mpigo, kashe ya 42 itakufikisha wapi? Kuna NVMe za QLC pia, zina lebo ya maelfu mbele na tabia hiyo hiyo nyuma. Tafuta TLC, na yenye DRAM (memori ndogo ya haraka) yake kama mfuko unaruhusu. Mimi niko radhi kuchukua SATA ya TLC kuliko NVMe ya QLC kwa kazi ya kumimina.

Pili, usihifadhi kazi za wateja kwenye SSD ukaifungia kabatini. SSD inashika data kwa chaji ya umeme na chaji inavuja polepole, joto linaharakisha. Kumbukumbu za muda mrefu weka kwenye HDD, nakala mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. HDD ikitaka kufa mara nyingi inakoroma kwanza. SSD inaweza kukuaga leo saa nne asubuhi iko nzima saa nne na dakika moja haionekani.

kipanga_wa_gemu

Shikamoo shangazi. Hiyo ya QLC imeniuma, ninayo.

Shangazi_wa_Seva

Marahaba. Kwa gemu haina neno mwanangu, gemu inasomwa zaidi kuliko kuandikwa.

mtu_wa_pwani_88

Mimi naongeza la waya maana limenitia hasara. Huyu ndugu anasema anahamishia HDD za zamani. Kama pawa saplai yako ni ile ya kuchomoa nyaya, tumia nyaya zilizokuja nayo TU. Nilikuwa na waya wa SATA wa pawa saplai nyingine, upande wa diski unafanana, upande wa pawa saplai unaingia vizuri kabisa, nikachomeka. Ule upande wa pawa saplai hauna utaratibu mmoja, kila kampuni inapanga pini zake, volti 12 ikaenda penye volti 5. Tak. HDD mbili kwa pamoja, na harufu ile ya plastiki mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza naunguza nini. Bahati nzuri fundi mmoja hapa Tanga alikuta ni kadaiodi ka ulinzi tu kamejitoa kafara kwenye bodi ya moja, akakatoa, diski ikawaka nikatoa vitu vyangu. Ya pili ilienda na picha za mtoto.

Na soma kitabu cha mazabodi kabla hujafunga. Kuna bodi ukichomeka M.2 kwenye sloti ya pili, soketi mbili za SATA zinajizima zenyewe, mtu anadhani HDD imekufa kumbe amechomeka soketi ya 5 na ya 6 ambazo hazipo kazini. Hamishia ya 1 na ya 2.

Mzee_Ribon

Kijana wa Morogoro, hilo la diski ya baba yako wote wamelirukia, wamebaki na mambo ya Gen. Nijibu mimi, hizo ndizo nilizokulia.

Ikiwa ina pini 40 safu mbili na tundu la umeme la pini nne kubwakubwa, ni IDE, wengine wanaita PATA. Mazabodi yako mpya haina tundu hilo na wala usilitafute. Nunua adapta ya IDE kwenda USB, lakini angalia iwe inakuja na adapta yake ya umeme wa ukutani, maana diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 na USB haitoi hiyo. Vijana wengi wananunua ile isiyo na umeme, diski haizunguki, wanasema imekufa.

Nyuma ya diski, kati ya pini za data na tundu la umeme, kuna kidude kidogo cha plastiki kinachofunika pini mbili. Kinaitwa jampa. Kiweke sehemu ya Master, mchoro uko kwenye stika juu. Zamani tulikuwa tunaweka diski mbili kwenye ribon (ule mkia mpana) moja, mkubwa na mdogo, ukikosea hakuna inayoonekana, tulikuwa tunakesha kwa hilo.

Spidi yake ya juu kabisa ni MB 133 na hutaifikia, usijali. Jambo muhimu ni hili. Imekaa miaka bila kuzunguka, kwa hiyo siku utakayoiwasha usianze kufungua video moja moja unaangalia na ndugu. Andaa mahali pa kukopia kwanza, iwashe, kopi kila kitu, zima. Ukisikia inapiga tak tak tak, zima hapo hapo usijaribu tena na tena, mpelekee mwenye vifaa. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati, jibu ni HAPANA, hata ikiuliza mara tano.

MpigaKamera_Moro

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kuangalia na ndugu ndo nilikuwa napanga kuifanya jumapili kwa kweli 😅 asante sana.

Na hapa nimeanza kuipenda hii lugha, nimetafuta eti interface kwa kiswahili inaitwa kiolesura. Ningeingia Kariakoo nikaomba kiolesura sijui wangenipa nini.

Dada_Taimlaini

Wangekuuzia kioo cha simu.

FundiBaraza

😂😂 Sasa malizia, mpango wako ukoje?

MpigaKamera_Moro

Nilivyoelewa: NVMe moja ya 1TB yenye TLC kwa ajili ya Windows, programu na harusi ninayoiediti sasa hivi. Ile pesa iliyobaki kwa kuacha ile ya 7000 naongeza HDD mpya ya 4TB ya SATA iwe ghala. Zile mbili za 2TB zinakuwa nakala, moja inakaa kwa dada yangu Kihonda. Nimekosea wapi?

Shangazi_wa_Seva

Hujakosea. Hiyo HDD ya 4TB uliza kama ni CMR au SMR. SMR inaandika mistari ya data ikilaliana kama vigae, ukimimina mzigo mkubwa inazubaa. CMR ndiyo yako. Na nunua UPS ndogo, umeme ukikatika katikati ya kuandika hakuna njia itakayokuokoa, iwe SATA iwe NVMe.

mkubwa_wa_Luthuli

Na ukishaweka, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski. Pale kwa kiolesura (nimeshajifunza) iandike NVM Express, na kwa modi ya usafirishaji uone PCIe 3.0 x4 (njia nne). Ukiona x2 ama x1, toa uichomeke tena ama umekosea sloti. Hapo pia utaona masaa imewashwa, kama ni mpya iwe chini kabisa, si masaa elfu tisa.

MpigaKamera_Moro

MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa, nilikuwa na sendofu Kilosa.

Nimefunga. Nimechukua NVMe ya Gen 4 ya kawaida, TLC, kwa sababu Gen 3 ya kampuni hiyo hiyo tofauti ilikuwa nauli ya daladala tu. CrystalDiskInfo inaonyesha PCIe 3.0 x4 kama mkubwa wa Luthuli alivyotabiri, imewashwa masaa 2. HDD zote zimeonekana, ya kwanza iligoma, nikakumbuka ya mtu wa pwani, kweli nilikuwa nimechomeka soketi ya 5 na sloti ya pili ya M.2 nilikuwa nimeijaza kwa kujaribu. Nimehamishia ya 2 ikakubali. Taimlaini ya kamera mbili haigandi, inakohoa kidogo nikiweka rangi, nimetengeneza proksi nimesahau.

Kilichonikwamisha nusu siku nzima hamkukisema hata mmoja wenu. SKURUBU. Kale kaskurubu kadogo ka kushikia M.2 kwenye mazabodi, kwenye boksi hakakuwepo, diski ukiichomeka inasimama juu kama mkia wa mbuzi. Fundi wa jirani akataka kuibana kwa selotepu nikakataa, nimezunguka mjini mpaka nikapata kwa fundi wa laptopu, kakatoa kwenye mashine iliyokufa, akakataa hela.

Adapta ya IDE yenye umeme wake nimeagiza Dar, imepanda basi la asubuhi, saa saba naifuata Msamvu. Mzee Ribon usiende mbali.

Mzee_Ribon

Nipo. Jampa kwanza.